Kabla ya kulipa kiti, tuhesabu siku

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Uvira, mwezi wa 9, 2024. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tumepunguza marudio tu.)



Komite ilituomba, sisi wa ekipe ya uwanjani, tuwaelezee jambo moja lenye linaonekana dogo. Ile nyumba ya kazi ya pamoja kule katikati ya mji, yenye vijana wanaita kowakingi, tuilipe namna gani? Kwa siku? Kwa wiki? Kwa mwezi? Leo mchana mtapiga kura juu yake. Kabla ya kura, tunapaswa kuwaambia ukweli wa miezi sita iliyopita, kwa sababu hesabu mbaya ya mara ya kwanza tuliifanya sisi.

Mama mmoja alituuliza hapa mlangoni: nyumba hiyo njo nini? Tumjibu kwanza. Ni fasi yenye meza na viti, intaneti, umeme wa jua na jenereta ya akiba, mashine ya kutoa karatasi na ya kupiga skani. Hukodi nyumba, unakodi kiti na wakati. Ni kama mashua ya kwenda Baraka. Mtu mwenye kwenda mara moja kuona ndugu yake hanunui mashua, analipa kiti cha safari. Mwenye biashara ya kwenda kila juma anaongea na mwenye mashua wapatane bei nyingine. Wote wawili wanafika Baraka. Lakini yule wa kwanza akilipa bei ya yule wa pili, amepoteza pesa yake, hata kama walimwambia amepewa bei nzuri.

Na kwa nini shirika la watu waliorudi lihangaike na kiti cha mjini? Vijana wetu wengi walikulia Lugufu na Nyarugusu. Wamerudi na Kiswahili cha Tanzania, Kifaransa cha darasani, na wengine Kiingereza kidogo. Hapa nyumbani mchanganyiko huo ulikuwa unachekwa. Leo kuna watu wanaulipia: kutafsiri, kuandika mazungumzo yaliyorekodiwa, kusahihisha maswali ya uchunguzi kabla hayajapelekwa vijijini. Kazi hizo zinataka mashine isiyozimika katikati ya sentensi. Tena kuna watu wazima wenye makaratasi ya kutuma: vyeti vya shule, barua za kazi, miradi ya kilimo ya vikundi vyetu. Kwa hiyo haja ni ya kweli. Ubishi wetu ni juu ya bei na namna ya kulipa.

Tulivyokosea

Mwisho wa mwaka jana, kwenye mlango wa ile nyumba walibandika karatasi: lipa abonema ya miezi mitano, mwezi wa sita bure. Kiti cha mwezi ni dola 36, kwa hiyo miezi mitano ni dola 180. Sisi tukachukua dola 180, tukagawa kwa siku 150 za kazi zenye zimo katika nusu mwaka, tukapata dola 1 na senti 20 kwa siku. Mlangoni siku moja ni dola 3. Tukasema mbele ya komite: nani ataacha bei kama hii? Komite ilitusikiliza, juu sisi njo wenye kusoma. Tukalipa viti vitano, dola 900.

Dola 600 zilitoka kwa wafadhili. Dola 300 tulizikopa katika kasha nyekundu. Ninyi wa mbali, mjue kwamba MUSO yetu ina makasha matatu: ya kijani ni ya mikopo, ya buluu ni ya pesa yenye kutoka nje, na nyekundu ni ya dharura, yaani ugonjwa, uzazi na matanga. Tulisema vijana watapata kazi na wataijaza upya kabla mtu hajaihitaji.

Kule mlangoni kuna daftari. Kila anayeingia anaandika jina na saa. Mwezi wa 7 tuliomba tulihesabu, na mwenye nyumba hakutukatalia. Hii njo hesabu ya mwezi wa 1 mpaka mwezi wa 6:

Kiti cha kwanza: siku 71.
Kiti cha pili: siku 38.
Kiti cha tatu: siku 22.
Kiti cha nne: siku 9.
Kiti cha tano: siku 4.

Jumla ni siku 144. Chukua dola 900, gawa kwa 144: kila siku mtu wetu aliyokaa pale ilitugharimu dola 6 na senti 25. Zaidi ya mara mbili ya bei ya mtu mwenye kuingia kutoka barabarani bila abonema yoyote. Kama tungelipa mlangoni siku kwa siku, tungetoa dola 432. Kama tungenunua vitabu vya tiketi kumi-kumi, vitabu 15 vingetosha, dola 375. Tofauti ni dola 525. Mwaka huu wa 2024 dola moja ni karibu franka 2,800, kwa hiyo tunaongea juu ya karibu franka milioni moja na nusu.

Kugawa kwetu kulikuwa sawa. Kosa lilikuwa ile 150. Tulihesabu siku ambazo nyumba iko wazi, hatukuhesabu siku ambazo mtu wetu anaweza kufika.

Na kwa nini hawakufika? Tuliwauliza mmoja mmoja, bila kuwagombeza. Yule wa siku 4 alipata kazi Baraka mwezi wa 1 wenyewe. Tulifurahi naye, lakini kiti kilikuwa kwa jina lake, mwingine hakuruhusiwa kukikalia. Kilikaa bure miezi mitano na zaidi. Yule wa siku 9 ni mama wa mtoto mchanga. Alituambia toka mwanzo kwamba ataweza nusu siku, mara mbili au tatu kwa mwezi. Hatukumsikia, tulisikia karatasi ya mlangoni. Yule wa siku 22 anakaa Kavimvira: kwenda na kurudi kwa pikipiki ni franka 3,000, na kuna siku hazikuwepo. Wa siku 38 alikuwa anakuja vizuri mpaka ziwa lilipopanda mwezi wa 4, maji yakaingia kwao, akashinda wiki nyingi akihamisha vitu na watoto. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mvivu. Walikuwa wanaishi maisha ya Uvira, na sisi tuliwanunulia abonema ya mtu wa mji mwingine.

Mwezi wa 5, usiku, mke wa mwanamemba mmoja alipaswa kupasuliwa ili azae. Mtunza kasha alifungua kasha nyekundu, mkamkuta na dola 40 ndani. Wengi wenu mlikuwepo, mlitoa mlichokuwa nacho. Mama alipona, mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini ili kumaliza malipo, familia iliuza cherehani ambayo mama huyo alirudi nayo kutoka Nyarugusu. Hatusemi kwamba kiti cha tano njo kiliuza cherehani. Huenda hata dola 300 zingekuwa hazitoshi. Tunasema tu kwamba usiku ule zilikuwa zimelala kwenye meza isiyo na mtu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari lilikuwepo, hatukulifungua miezi sita.

Namna ya kuchagua

Sasa tuingie katika bei. Hizi njo bei za leo za ile nyumba, tumezihakikisha juma hili:

Nusu siku, masaa manne: dola 2.
Siku nzima, saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni: dola 3.
Kitabu cha tiketi 10 za siku nzima: dola 25, na kinakufa baada ya siku 60.
Wiki, Jumatatu mpaka Jumamosi: dola 12.
Mwezi, kiti chochote kilicho wazi: dola 36.
Mwezi, meza yako peke yako na droo yenye kufuli: dola 60.
Chumba cha mkutano: dola 5 kwa saa.

Kanuni ni moja, na hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Chukua bei kubwa, igawe kwa bei ndogo, utapata idadi ya siku unazopaswa kufika. Wiki ni dola 12, siku ni dola 3: ukifika siku nne umetoka sawa, faida inaanza siku ya tano. Mwezi ni dola 36: ukilinganisha na bei ya mlangoni ni siku 12. Lakini usilinganishe na bei ya mlangoni, linganisha na kitabu, juu kitabu njo mpinzani wa kweli. Katika kitabu siku moja ni dola 2 na senti 50. Kwa hiyo abonema ya mwezi inaanza kukulipa ukifika siku 15. Chini ya hapo, kitabu kinashinda. Hata yule kijana wetu wa siku 71, mwenye bidii kuliko wote, alifika wastani wa siku 12 kwa mwezi. Kwa tiketi za kitabu, siku zake zingekuwa dola 177 na nusu. Tulimlipia 180. Yeye peke yake njo alikaribia kula bei yake, na hakuizidi.

Basi kila mtu ajiulize yeye ni wa namna gani.

Mwenye kazi ya kila siku, ambaye mteja wake anamngoja kila asubuhi, huyo alipe mwezi. Lakini athibitishe kwanza: afanye mwezi mmoja kwa kitabu, na daftari lioneshe siku 15. Meza ya peke yako yenye kufuli ni ya mtu mwenye vyombo vizito vya kuacha pale. Kwetu hayupo bado.

Mwenye kazi ya msimu, kwa mfano anayeandika mradi wa kikundi wenye tarehe ya mwisho, au anayejiandaa kwa mtihani, achukue wiki. Wiki inamlazimisha amalize. Lakini aichukue akiwa tayari na makaratasi yote. Usinunue wiki halafu Jumatatu na Jumanne unatafuta saini ya chifu wa kata.

Mwenye shughuli ya mara moja-moja, kama kupiga skani cheti, kutuma barua, kuongea kwa video na ndugu aliye Marekani juu ya jambo la familia, huyo ni wa nusu siku au tiketi moja. Na kama shughuli ni ya dakika kumi, asiende kabisa: anunue megabaiti kwenye simu yake, akae chini ya mwembe, amalize. Hatutaki mtu alipe dola 2 kwa aibu ya kuonekana hana kompyuta.

Mwenye kukaa mbali aongeze pesa ya pikipiki juu ya bei. Kwa mtu wa Kavimvira, nusu siku si dola 2, ni dola 3 na zaidi kidogo. Akienda nusu siku mara mbili ametoa zaidi ya dola 6. Akiziunganisha kuwa siku moja nzima ametoa dola 4 na kidogo, na amepata masaa tisa badala ya manane. Kwake yeye, nusu siku ni hasara.

Na kikundi chenye mkutano kisinunulie watu sita tiketi sita ili wakae wakinong'ona na kufukuzwa na wengine. Kilipe chumba kwa saa moja au mbili, kije na ajenda imeandikwa.

Maswali ya kuuliza kabla pesa haijatoka mkononi

Bei ni nusu ya habari. Mara hii tulienda na karatasi ya maswali, na tunawaomba muwe nayo popote mtakapokodi, hata mji mwingine.

Siku ambazo sikuja zinakufa, au zinahamia mwezi ujao? Pale kwetu zinakufa.

Kadi ni ya jina moja, au wanamemba wanaweza kupokezana? Wiki na mwezi ni za jina moja. Kitabu ni cha shirika, mwenye tiketi mkononi njo anaingia. Kwetu hili ni kubwa kuliko bei.

Nikipata msiba au ziwa likipanda, naweza kusimamisha mwezi? Wamekubali kusimamisha mara moja, siku zisizozidi 10, ukiwaarifu mapema. Tumeomba waiandike.

Umeme wa mji ukikatika, intaneti inabaki? Jenereta inawashwa saa ngapi? Kuna kikomo cha megabaiti? Uliza mtu aliyekaa pale, usimwulize mwenye nyumba peke yake.

Wanafunga saa ngapi, na mwanamke anaweza kurudi kwao kabla ya giza? Kufunga ni saa 11 jioni. Kwa mwenye kukaa mbali, tunashauri atoke saa 10. Basi asihesabu masaa tisa, ahesabu manane.

Malipo ni kwa pesa gani? Wanapokea dola na franka. Mkilipa franka, uliza ni kwa kiwango gani, mkilinganishe na kiwango cha wabadilishaji wa siku ile. Mkilipa dola, mnajua wenyewe: noti yenye kupasuka hata kidogo pembeni inarudishwa. Kulipa kwa simu kunaacha alama, na sisi tunaipenda hiyo alama. Na daima risiti, yenye muhuri, kwa jina la shirika.

Tunachopendekeza

Kwa miezi mitatu ijayo, tusizidi hapo, tunapendekeza hivi. Abonema ya mwezi moja tu, kwa atakayeonesha siku 15 katika daftari. Ikiwa mwezi huu hakuna aliyefika, hatulipi. Ikiendelea miezi yote mitatu ni dola 108. Vitabu sita vya tiketi, dola 150, lakini tununue viwili kwa mwezi, ili zile siku 60 zisitufie mkononi. Wiki mbili za akiba kwa wenye kuandika miradi, dola 24. Jumla ya juu kabisa ni dola 282.

Tiketi zikae kwa mtunza kasha, si kwa sisi wa ekipe wala kwa prezida. Anayechukua anasaini na kuandika anaenda kufanya nini, akirudi anaandika amefanya nini. Mstari mmoja unatosha. Mama mwenye mtoto mchanga ana haki sawa na kijana mwenye kompyuta nzuri. Kila mwisho wa mwezi daftari la kwetu na daftari la mlangoni yasomwe pamoja hapa, kwa sauti.

Na kasha nyekundu isiguswe. Si kwa kiti, si kwa intaneti, si kwa wazo zuri lolote la watu waliosoma. Kati ya dola 300, vijana wamesharudisha 110 kutoka kwa kazi zao. Zimebaki 190. Vijana wameahidi kuendelea, na sisi wa ekipe tumeona si haki wabebe peke yao kosa ambalo hawakulifanya. Tutaweka dola 90 kutoka mifukoni mwetu kabla ya mwisho wa mwaka. Mtunza kasha ameandika majina yetu, mtuulize.

Kwa ninyi wafadhili, neno moja. Katika ripoti ya mwezi wa 2 tuliwatumia picha: vijana watano, kompyuta tano, meza safi. Picha ilikuwa ya kweli, ya siku ile. Katika miezi sita, siku ambazo wote watano walikuwa pale zilikuwa mbili. Hatukuwadanganya kwa maneno, lakini tuliiacha picha iseme zaidi ya ilivyojua. Mara ijayo mtapata ukurasa wa daftari. Hauna rangi nzuri, lakini utawaonesha pesa yenu ilikaa siku ngapi na nani. Na ile tofauti ya bajeti, ikibaki, hatutaihamisha kwenda kasha lingine bila kuwaandikia na kungoja jibu lenu.

Wanamemba wapendwa, mtu akiwaambia kitu ni cha bei nafuu, mwulizeni: nafuu kwa nani, na akifika siku ngapi? Mtuulize na sisi pia, tena mtuulize wa kwanza.

 Sasa tuko tayari kwa maswali, halafu kura.